Siku ya Kung'oa Fito

Mwaka huu niliegesha pikipiki yangu ya theluji tarehe 24 Machi, wakati nyuma ya nyumba bado kulikuwa na theluji ya kufika magotini. Mwenzangu mmoja wa kazini, aliyepita akanikuta nikiipandisha juu ya magogo, alidhani imeharibika, akaniuliza kwa huruma matengenezo yatanigharimu kiasi gani. Nilimjibu kwamba chombo ni kizima, ila msimu umekwisha. Aliitazama theluji, akanitazama mimi, akaenda zake bila kusadiki. Sikumlaumu, kwa sababu miaka michache iliyopita nami nisingesadiki.

Naishi kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, nchini Marekani, karibu na mji wa Fort Kent, katika bonde la mto Saint John ambao ng'ambo yake ni Kanada. Nimezaliwa Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika. Nilifika Marekani mwaka 2014, nikakaa Lewiston, kusini mwa jimbo hilihili, ambako Wakongo wenzangu ni wengi, na mwaka 2017 nikahamia huku kwa sababu ambayo sikuitarajia, nayo ni Kifaransa. Wengi wa watu wa bonde hili ni wazao wa Waakadia, Wafaransa walioanza kulima kingo za mto huu mwaka 1785, na wazee wao, hasa kumbukumbu zinapoanza kuwatoka, huirudia lugha waliyoinyonya kwa mama zao. Kituo cha kutunzia wazee kilihitaji mtu wa kuwaogesha na kuwalisha ambaye angeweza pia kuwasikiliza. Lugha niliyofundishwa darasani Uvira ikanipatia kazi, kisha ikanipatia jirani, mkulima wa viazi aliyestaafu, ambaye nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza na kumweleza maana yake. Alilipenda neno hilo, akataka na mkewe aitwe Mama. Ndiye aliyeniuzia pikipiki yake kuukuu kwa bei ambayo kwa kweli ilikuwa zawadi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukiona chombo hiki, kina kiti na usukani kama pikipiki ya kawaida, lakini mahali pa gurudumu la mbele pana ski mbili, yaani vibao virefu vya kuteleza, za kukielekeza, na nyuma kinasukumwa na mkanda mpana wa mpira wenye meno unaozunguka chini ya kiti. Watu wengi hukihesabu kuwa ni mchezo tu. Mzee hakukubali jambo hilo hata kidogo. Alikuwa akinisimulia habari za Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt huko Quebec, ambaye mwaka 1934 alifiwa na mtoto wake wa miaka 2 aliyeugua tumbo, kwa kuwa theluji ilikuwa imeziba barabara na hapakuwa na njia ya kumfikisha hospitali. Mwaka 1937 fundi huyo alipata hataza ya mfumo wake wa gurudumu la meno na mkanda, akatengeneza magari makubwa ya kupita juu ya theluji, na mwaka 1959 kampuni yake ikatoa chombo chepesi kilichoitwa Ski-Doo, jina ambalo watu wa bonde hili wanalitumia hadi leo kwa pikipiki yoyote ya theluji, hata iwe ya kampuni nyingine. Mimi nimekulia mahali ambapo wagonjwa wa vijiji vya mwambao huletwa mjini kwa mtumbwi, na ziwa likichafuka husubiri. Hadithi hiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Jambo nililochelewa kulielewa ni la njia tunazopita. Maine ina njia za pikipiki za theluji zipatazo kilomita 22,000, na sehemu kubwa mno ya njia hizo imepita katika ardhi ya watu binafsi, yaani mashamba ya viazi, misitu ya makampuni ya mbao na nyua za nyuma za nyumba za watu. Sheria ya jimbo humkinga mwenye ardhi anayeruhusu watu wapite bila malipo, ili mtu akiumia humo asiende kumshtaki, lakini haimlazimishi mtu yeyote kuruhusu. Kila njia imesimama juu ya neno la mtu, na mara nyingi neno hilo lilitolewa kwa mdomo, jikoni, mbele ya kikombe cha kahawa, kwa mwanachama wa klabu ya kijiji aliyekwenda kuomba. Wanachama hao hujitolea. Wao ndio wanaokata matawi na kujenga vidaraja, na ndio wanaokesha wakiendesha mtambo unaoburuza fremu ndefu ya chuma ili kusawazisha matuta, kwa kuwa theluji iliyovurugwa na kushindiliwa usiku, wakati wa baridi kali, hushikamana na kufikia asubuhi huwa ngumu kama sakafu. Mimi nilikuwa nikilipa ada ya klabu kila mwaka, na nilidhani ada hiyo ndiyo iliyonunua njia.

Machi huku ni mwezi mtamu. Ile baridi ya Januari inayogandisha kope imepita, jua linachelewa kuchwa mpaka saa moja jioni, na theluji ya miezi minne imelala yote chini. Asubuhi njia ni ngumu na laini kama sahani, lakini ikifika saa sita mchana imekuwa uji. Mwenye busara hutoka alfajiri, akarudi kabla ya jua kupanda. Na hapo pana jambo la kiufundi ambalo wauzaji hawalielezi vya kutosha. Injini nyingi za pikipiki hizi hupozwa kwa maji yanayozunguka katika mabomba bapa yaliyofichwa chini ya kiti, juu ya mkanda, na mabomba hayo yenyewe hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda unapozunguka. Vivyo hivyo, reli ambazo mkanda unateleza juu yake zimevikwa plastiki ngumu, na kilainishi cha plastiki hiyo ni theluji ileile. Theluji ni barabara ya chombo, na papo hapo ni maji yake ya kupozea na ni oili yake. Ukikipeleka mahali pasipo na theluji, au hata juu ya barafu tupu isiyorushika, joto hupanda katika dakika chache na plastiki huanza kunuka. Wako wanaofunga vyuma vidogo vya kukwangua barafu ili irukie mabomba, na vyuma hivyo husaidia, lakini havina la kukwangua penye udongo mtupu.

Mwaka wangu wa tatu wa kuendesha, katika wiki ya kwanza ya Aprili, klabu ilitangaza kwamba njia zote zimefungwa. Nililisoma tangazo lile. Siku nne baadaye, nilipoamka mchana baada ya zamu ya usiku ambayo tulimpoteza mama mmoja niliyemzoea sana, nilichungulia dirishani nikaona weupe mtupu, nikajiambia kwamba tangazo linawahusu wageni wanaotoka kusini wasiojua mahali pa kupita. Nilitoka saa tisa alasiri, saa mbaya kuliko zote. Msituni, chini ya vivuli vya miti, njia ilikuwa bado nzuri, na kwa muda wa nusu saa nilipata kile nilichokuwa nakitafuta, ule upepo na ule mngurumo unaofuta mawazo. Kisha nikatoka kwenye shamba moja kubwa.

Njia ndani ya shamba lile ilikuwa imebaki kama utepe mweupe, kwa maana theluji iliyoshindiliwa msimu mzima ndiyo huyeyuka mwisho, lakini pande zake zote mbili udongo ulianza kuonekana, na katikati kijito kilikuwa kimeukata utepe. Nilitoka njiani ili nizunguke. Hatua chache tu, theluji ya pembeni, iliyokuwa imeoza kwa chini, ikadidimia, na mkanda ukafika kwenye tope. Taa nyekundu ya joto ikawaka. Sasa nilikuwa na hofu ya kuunguza injini ya Mzee, kwani moyoni bado ilikuwa yake, nikawa naona vipande vya theluji huku na kule, kimoja mtaroni, kingine kwenye kivuli cha ua wa miti, nikawa nakimbia kutoka kipande hiki hadi kile nikitafuta ubaridi. Kila nilipokimbia nilichana ardhi. Nilipofika msituni ng'ambo ya pili na kugeuka kutazama, niliona mifereji miwili ya rangi ya kahawia imezunguka shamba kama maandishi ya mtoto. Chini ya theluji ile palikuwa na rai, nafaka ambayo wakulima wa huku huipanda baada ya kuvuna viazi ili mizizi yake iushike udongo wakati wa baridi. Ilikuwa imeanza kuamka, na mingi ya miche yake nilikuwa nimeing'oa. Nilisubiri baridi ya usiku igandishe njia, nikarudi kimyakimya, na hakuna aliyeniona.

Oktoba, katika mkutano wa klabu, ilitangazwa kwamba mwenye shamba lile ameondoa neno lake. Hapakuwa na njia nyingine ya karibu, kwa hiyo kijiji chetu kingelazimika kuzunguka kilomita 17 kupitia barabara ya magari ya magogo. Wazee waliokuwa wamejenga daraja la kijito kile kwa mikono yao walikaa wakitazama meza. Nilikaa nao. Sikusema kitu.

Nilimwambia Mzee usiku ule, kwa Kifaransa, kwa kuwa sikuweza kulisema jambo lile kwa Kiingereza. Hakunikaripia. Aliuliza kama mifereji ilikuwa na kina cha kiganja au cha mkono, nikamwonyesha, akanyamaza kidogo kisha akasema, "Kesho saa mbili nitakupitia." Mwenye shamba alikuwa mwanamke wa makamo aliyeirithi kazi ya baba yake. Alitusikiliza amesimama mlangoni, akavaa buti, akatupeleka shambani. Kilichomuuma hakikuwa rai. Alichota udongo mahali palipokuwa na mfereji, akanipa niuvunje kwa vidole, nikashindwa. Akaniambia kwamba udongo ukikanyagwa ukiwa umejaa maji hukauka kama tofali, na kiazi hakina nguvu ya kutanuka ndani ya tofali, na kwamba jembe la trekta haliwezi kurekebisha kwa msimu mmoja kilichobanwa kwa dakika moja. Alisema haya bila kupandisha sauti. Nilimwomba radhi, naye akaikubali, lakini njia hakuifungua.

Mashamba ya huku hutoa mawe kila mwaka, kwa sababu maji yanayoganda ardhini huyasukuma juu, na kabla ya kupanda ni lazima yaokotwe. Mwezi Mei nilikwenda Jumamosi nne mfululizo kuokota mawe shambani kwake, na mwaka uliofuata nikaenda tena. Hakuniomba, na sikumwambia ni kwa ajili ya nini. Baada ya majira mawili ya baridi alimpigia simu katibu wa klabu, akaruhusu tena kwa masharti mawili. Fito za kuonyesha njia zisichomekwe kabla ya ardhi kuganda kabisa, na siku atakayopiga simu kusema basi, ziondolewe zote kwa hesabu, zilizoingia ziwe ndizo zilizotoka, kwa sababu ufito mmoja uliosahaulika hukutwa na mashine ya kuvunia viazi mwezi wa Septemba. Klabu ilinikabidhi mimi kazi hiyo.

Tangu hapo nimekuwa nikimkumbuka sana mjomba wangu, mvuvi wa ndagala, wale ambao Kigoma wanaitwa dagaa. Wavuvi wa Tanganyika huwavuta samaki hao kwa taa usiku wa giza, na mwezi unapokaribia kupevuka taa hazina kazi tena, kwa kuwa ziwa zima lina mwanga na samaki hutawanyika. Siku hizo mitumbwi hupandishwa ufukweni, nyavu hushonwa. Nikiwa mtoto nilikuwa nikimwona mjomba ameketi mbele ya ziwa tulivu, zuri, lililojaa maji, na nikimuuliza kwa nini haendi, alikuwa akiendelea tu kushona. Mwaka 2024, Tanzania ilipofunga uvuvi katika upande wake wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, binamu yangu aliyeko Kigoma alilalamika kwenye simu kwamba ziwa lipo palepale na maji yapo, mbona linafungwa. Nilimsikiliza nikijua uchungu wake, maana chakula cha watoto si sawa na starehe yangu, lakini nilijua pia kwamba maneno yake nilishawahi kuyasema mimi mwenyewe, nikiwa dirishani, nikitazama weupe.

Maziwa ya huku nayo yana hesabu yake, na juu ya jambo hili namwomba kila msomaji aliye katika nchi za baridi anisikilize. Barafu mpya, ngumu na angavu, yenye unene wa sentimita 13 hadi 18, hubeba pikipiki ya theluji. Barafu ya Aprili yaweza kuwa na unene mara tatu ya huo na isikubebe, kwa sababu jua limeshaipenya na kuigawa katika vijiti vilivyosimama wima, vimepangana kama mishumaa ndani ya boksi, na kati ya kijiti na kijiti hakuna kinachoshika. Ukiipiga kwa chuma husambaratika kwa mlio kama wa vioo. Hatari zaidi ni milango ya maji inayounganisha ziwa na ziwa, kama ile iliyoko kati ya Long Lake, Cross Lake, Square Lake na Eagle Lake, kwa kuwa humo maji hutembea chini na kuila barafu muda mrefu kabla ya ziwa lenyewe kufunguka. Mzee hapiti katika milango hiyo hata Februari. Mimi huachana na maziwa yote wiki mbili kabla ya kuachana na njia za nchi kavu.

Yeye hupima mwisho wa msimu kwa mto. Hunisimulia majira ya baridi ya mwaka 2007 kuingia 2008, wakati theluji iliyopimwa Caribou, mji ulio kilomita 70 hivi kutoka hapa, ilifikia jumla ya karibu mita 5, msimu ambao waendeshaji wote waliushangilia. Tarehe 30 Aprili 2008 mto Saint John ulipanda hapa Fort Kent kupita mita 9, maji yakaingia mjini katika nyumba na maduka. Theluji ile waliyoipenda ilikuwa imekwenda mahali fulani. Kwa hiyo kila Machi, wenzake wanapozungumzia kilomita zilizobaki, Mzee huenda darajani kutazama barafu ya mto imesimama vipi.

Kuhusu kuhifadhi chombo nitasema machache. Najaza tangi na kutia dawa ya kuzuia petroli isioze, kisha naiwasha injini kwa dakika chache ili dawa ifike mpaka kwenye kabureta. Napulizia oili ndani ya silinda, napaka grisi kila kiungo, nalegeza mkanda na kuuinua usiguse chini, na kwenye bomba la moshi na mdomo wa kuvutia hewa naziba kwa pamba ya chuma, kwa sababu panya wa huku hupenda kuzaa humo. Kazi yote haizidi saa tatu. Naifanya polepole, kwa mikono mitupu, kwa kuwa siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu Novemba mikono haihitaji glavu.

Simu ya mwenye shamba ilikuja tarehe 26, siku mbili baada ya mimi kuegesha. Tulikwenda alfajiri ardhi ikiwa bado imeganda, mimi na vijana wawili wa klabu, tukitembea kwa miguu juu ya ule utepe mweupe na kuvuta fito mojamoja, wakati Mzee, ambaye magoti yake hayamruhusu tena, alikaa ndani ya pikapu ukingoni mwa shamba, kioo kimeshushwa, daftari mapajani. Desemba tulichomeka 86. Alizihesabu tulipozipakia, akazihesabu tena, zikawa 85. Vijana walikuwa na shule, nikawaruhusu waende. Nilirudi peke yangu kwa mwendo wa taratibu, nikitazama chini, na karibu na kijito nikaona ncha ya rangi ya chungwa imelala chini ya theluji iliyoshindiliwa, pengine iligongwa na mtambo wa kusawazisha katika mojawapo ya zile dhoruba za Februari. Niliichimbua kwa kisigino, nikaibeba hadi kwenye pikapu. Mzee aliipokea dirishani, akaigeuza, akaupitisha ubavu wa kidole mahali ilipovunjika, akanirudishia.

"Hii ni nusu," alisema.

Jua lilikuwa limeshagusa ukingo wa mashariki wa shamba, na udongo pale ulianza kung'aa kwa maji. Nilivua buti zenye soli nene, nikavaa viatu vyepesi vya Mzee vilivyokuwa nyuma ya kiti ili nisibonyeze ardhi, nikarudi kutafuta nusu ya pili.